Kivuli cha Tresor

Blandine alivuta kamba meta moja kutoka kwenye msumari, akachora duara kwa chaki juu ya sementi ya uani. Halafu akapitisha mistari miwili katikati: mmoja kutoka kamba za nguo kushoto hadi bombani kulia, mwingine kutoka getini kupanda hadi ukuta wa jikoni. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mtaani Wandegeya, na wanafunzi wake wa tuisheni walikuwa wamekalia ndoo zilizopinduliwa.

Alimsimamisha Acen, binti wa Afande Oyat, penye nyuzi sitini. Kama kila mtu aliyesimama juu ya duara lile, Acen aliangusha vivuli viwili, jua liwe popote. Kimoja kililala kwenye mstari wa bomba, nusu meta. Hiyo ndiyo kosini. Kingine kwenye mstari wa jikoni, karibu sentimita themanini na saba. Hiyo ndiyo sini. Wanafunzi wakapima kwa futi ya fundi cherehani. Acen akatoka, vivuli vyake vikamfuata.

Kikabaki kivuli kimoja kisicho na mtu, nusu meta kuelekea jikoni. Bega lake moja lilikuwa limeshuka. Blandine alilijua bega lile. Lilikuwa la mumewe, Tresor, aliyebeba marobota ya vitenge mpaka likalala.

Mwaka uliopita watu wa gari lisilo na namba walimchukua Tresor. Walipita milango yote ya ua ule, wakagonga wa kwake bila kuuliza. Kuna mtu aliyewaonyesha. Tangu siku hiyo Blandine hakuacha sufuria jikoni bila kuilinda, akihofia sumu, na kila aliyemsalimu, yeye alimtazama mikono kwanza.

Sini ni nusu. Basi pembe ni nyuzi thelathini. Wanafunzi walipoondoka, aliikunjua kamba yote kutoka katikati, akaipitisha penye thelathini, akaenda nayo mpaka ikagusa mlango. Ulikuwa wa Afande Oyat. Polisi, tena jirani. Hakuhitaji zaidi. Akaacha kumwitikia salamu, na Acen akamhamishia nyuma, karibu na choo. Oyat alipouliza mtoto amekosa nini, Blandine alijifanya anafua.

Jumamosi iliyofuata alikuwa akiwaeleza wanafunzi kwamba sini ya nusu ina pembe mbili katika duara, thelathini na mia moja hamsini, na kwamba kosini ndiyo huamua. Akageukia mstari wa bomba. Kivuli cha pili cha Tresor kilikuwa kimeshafika, nacho kililala kushoto, upande wa hasi.

Kamba safari hii iligusa mlango wa Papa Ephraïm, mzee wa kanisa lao la Wakongo. Ndiye aliyemletea ugali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, wiki nzima baada ya Tresor kuchukuliwa. Alikuwa ndani, akipiga pasi shati. Aliitazama kamba, akaelewa, akamvutia kiti.

"Walikuwa wanatafuta Mkongo," alisema. "Mimi pia ni Mkongo, mama. Nikawaonyesha mlango wenu."

"Walikutajia jina la Tresor?"

"Hawakutaja jina lolote."

Aliendelea na kola. Blandine alikaa mpaka shati likaisha, kisha akavuka ua kwenda kwa Afande Oyat kuomba radhi. Oyat aliipokea radhi, ila si kwa moyo wote. Alipoombwa msaada alisema kituoni hawaandiki kesi ya kivuli, na kwamba wale watu wa gari wako juu ya wakubwa wake. Akamshauri asilitaje jambo hilo kwenye simu.

Acen alirudishwa mbele. Tresor hakurudi, wala vivuli vyake havikuondoka. Mvua ilipofuta chaki, vilibaki pale pale, na Blandine akawa anachora duara upya kwa kuvifuata.

Papa Ephraïm bado anahubiri. Kila asubuhi, akitoka mlangoni kwake kwenda getini, hukuta kile kivuli cha kushoto kimelala njiani. Husema, "Samahani, kaka," na kivuli hujikunja kidogo kumpisha. Wanafunzi husubiri kinyooke tena, ndipo wapime.