Mchwa wa Nyumba ya Febronia

Winfrida alikuwa amechoka kuangalia nyumba za watu. Tangu reli ipunguze wafanyakazi na mumewe Mughwai arudishwe nyumbani pamoja na gangi yake nzima ya kutengeneza njia ya treni, kila alasiri walizunguka Manyoni wakipiga hodi. Nyumba moja ilikuwa bondeni, masika inageuka bwawa. Nyingine ilikuwa ya ndugu wasiosalimiana, kila mmoja anauza kivyake. Ya tatu mwenyewe alibadilisha maneno kila kulipokucha, maana miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, mtu akiwa na matofali mawili tu tayari anajiona mfanyabiashara. Na kota ya shirika la reli waliyokuwa wakiishi ilitakiwa irudishwe kabla ya mwezi kwisha.

Maisha yake yote ya ndoa Winfrida alikuwa amelala kwenye kota. Saranda, Kintinku, Itigi, Manyoni: kila stesheni nyumba ni ileile, rangi ileile, namba mlangoni. Hata binti yao Hana aliolewa akitokea kota. Hakuwahi kupigilia msumari ukutani bila kuwaza nani atakuja kumgombeza. Alitaka nyumba yake, basi, hata ingekuwa na kasoro gani.

Ndiyo maana juzi, alipokwenda peke yake kwa mama Febronia, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Febronia alikuwa mjane mzee, anauza nyumba ahamie kwa binti yake Dodoma. Matofali ya kuchoma, bati juu, uwanja mpana wa kuanikia alizeti. Winfrida alikwishaanza kupanga kitanda kitakaa wapi, akaegemea fremu ya mlango wa chumbani, na kidole gumba kikazama kwenye mbao kama kwenye mkate uliolowa chai. Unga ukamwagika miguuni. Akainua macho, akaona vijia vya udongo vimepanda ukutani hadi kwenye kenchi, mbao zinazobeba paa. Mchwa! Basi akalivuta pazia likafunika fremu, akautawanya ule unga kwa kandambili, akaenda kumwambia mumewe kuwa nyumba imepatikana.

Usimcheke. Alimjua mumewe. Kwenye gangi Mughwai ndiye aliyekuwa mtu wa nyundo. Kazi yake ilikuwa kutembea relini akigonga mataruma, yale magogo ya mbao yanayobeba reli, kwenye madaraja. Taruma zima hujibu ko, bovu hujibu bufu, na likishajibu bufu Mughwai alilipiga alama ya chokaa, na lazima ling'olewe, hata bosi apige kelele mpaka mishipa imtoke. Mtu wa namna hiyo asingeingia kwenye nyumba ya mchwa hata angepewa bure.

Leo walikwenda wote wawili. Paskali, balozi wa nyumba kumi, alikuwa uani akiwasubiri, kwa sababu pale mtaani nyumba haiuzwi kimyakimya. Mnunuzi huingia, hukagua, kisha husimama mbele ya balozi na kutamka, "Nimeiona, nimeridhika." Akishatamka hivyo, hata paa limwangukie usiku uleule, hana pa kulalamika.

"Shikamoo mama," wakasema pamoja.

"Marahaba wanangu. Piteni, piteni, nyumba ni hiyo."

Mughwai alianza kugonga kwa konzi. Mlango wa mbele, ko. Dirisha, ko. Alipofika chumbani akalisogeza pazia. Konzi ikagonga.

Bufu.

Mughwai akainama, akagonga chini zaidi. Bufu. Akakifuata kwa macho kijia kimoja cha udongo kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi, polepole, kama mtu anayesoma habari za msiba. Winfrida alikuwa anangoja maneno aliyoyazoea: mama Hana, twende zetu.

"Nzima," akasema Mughwai. Kisha akalirudisha pazia mahali pake.

Winfrida alidhani atafurahi, lakini alishikwa na huruma. Hakuwahi kumsikia mtu huyu akiita kibovu kizima. Akamtazama shingo ilivyokonda ndani ya kola, mabega yalivyoshuka, akaelewa kwamba naye amechoka vilevile, na kwamba anamficha yeye.

Walipotoka, Paskali alikuwa na haraka zake. "Haya mzee, tamka tumalize. Mughwai akisema nzima, nani atabisha?"

"Nimeiona," Mughwai akaanza. Neno la pili likagoma. Akakohoa, akajaribu tena, likagoma. Febronia naye alikuwa anasokota ncha ya kanga yake huku anatazama pembeni.

"Mama," Winfrida akasema, "mlango wa chumbani umeliwa. Kenchi nazo zimeliwa. Mimi nilijua tangu juzi, baba Hana amejua leo, na tumefichana kama watoto." Akamgeukia balozi. "Nimeiona. Sijaridhika, lakini naichukua."

Paskali akakuna kichwa. Hakuwa amewahi kusikia mtu akitamka hivyo.

Febronia akaketi kizingitini. "Nimewakwangua hao mchwa miaka, mwanangu. Nikimaliza huku wanaanza kule. Ningekuwa na nguvu nisingeuza. Nilikuwa naomba tu asije kununua mtu mwenye watoto wadogo."

Jua lilikuwa linashuka walipoanza kurudi kota.

"Ningepitisha taruma la namna ile," akasema Mughwai, "watu wangekufa."

"Najua. Sasa mbona leo umepitisha?"

"Pale haipiti treni. Tunaingia mimi na wewe tu."

Winfrida akasimama katikati ya njia. Miaka yote ile mume wake alikuwa amelinda roho za abiria asiowajua hata sura, na sasa roho zao wawili alikuwa ameona hazihitaji kukaguliwa. Hakuwa amesema kwa uchungu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Winfrida.

"Na sisi ni watu, baba Hana," akasema. "Tukihamia, kitu cha kwanza tunang'oa ile fremu."

"Haya," Mughwai akajibu kwa sauti ya mtu mwenye usingizi, wakaendelea kutembea.