Maji Chini ya Piano

Jumamosi mchana, umeme ulipokuwepo, Évariste aliiweka piano ya umeme juu ya meza ya kulia chakula, akaipangusa vumbi, akainama kutafuta tundu la waya nyuma yake. Tundu lilikuwa la mraba. Waya wa tundu la namna hiyo hutumika kwenye mashine za kuchapisha, kwa hiyo alishuka hadi kwa fundi wa fotokopi kuuazima, kisha akapanda tena ngazi za udongo za mtaa wao wa Cimpunda na waya shingoni, akihema.

Nia yake haikuwa kubwa. Kwaya yao ilikuwa imetawanyika, na Charlène, sauti nzuri kuliko zote, alikuwa ameolewa Lubumbashi. Évariste alikuwa amesikia kwamba kuna programu ya kompyuta inayowawezesha watu walio mbali kupiga muziki pamoja, kila mtu akiwa kwake. Alitaka kujaribu. Wengine hutaka mambo mabaya zaidi.

Nyumbani kwake aliishi pia dada yake, Mapendo, tangu mumewe alipokwenda Kamituga kuchimba dhahabu. Mume huyo, Elysée, ndiye aliyekuwa mpiga piano wa kwaya, na piano yenyewe ilikuwa yake. Msimu wa mvua uliopita shimo alilofanyia kazi liliporomoka. Mwenye shimo, Apollinaire, ambaye wachimbaji walimwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, kama wanavyowaita wenye mashimo wote wa kule, alisema ndani hamkuwa na mtu. Elysée, alisema, alikwisha kwenda Shabunda kabla ya mvua. Kwa kuwa hamkuwa na mtu, hapakuwa na haja ya kufukua. Waliufunika mdomo wa shimo kwa magogo, wakachimba jingine pembeni.

Basi Mapendo hakuwa mke wala mjane. Bila maiti, au mtu aliyeiona maiti, ukoo wa mume haufungui kilio. Na bila kilio hakuna anayekuja kulala kwako, hakuna anayekupikia, huvai nyeusi, na huzuni haina siku ya kuisha. Majirani walimuuliza mumewe atarudi lini. Mapendo alitaka jambo moja tu: mtu aseme wazi kwamba Elysée alifia shimoni, ili alie amalize. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna aliyelisema neno hilo.

Évariste alichomeka waya. Kwanza hapakutoka kitu, kwa sababu kompyuta iliidhani piano ni mashine ya kuchapisha, ikaomba karatasi. Alipoirekebisha, Charlène akasikika.

"Évariste, unasikika kama uko ndani ya pipa. Toa Wi-Fi, tia waya kwa modemu."

Alitia waya. Wakaanza wimbo wa kutoa sadaka, lakini sauti ya mmoja ilimfikia mwenzake imechelewa. Walikuwa kama watu wawili wanaopitisha kitanda mlangoni, mmoja anasukuma na mwingine bado anatafuta pa kushika. Walikuwa karibu kuacha.

Ndipo mstari wa tatu ukatokea kwenye kioo cha kompyuta, hauna jina. Mahali panapoonyesha sauti imechelewa kiasi gani, paliandikwa sifuri. Vibao vya chini vya piano vikaanza kushuka na kupanda vyenyewe, taratibu, na besi ikawa inatangulia pigo kidogo, kosa ambalo padri alilikemea kwa miaka bila mafanikio.

"Ule ni Elysée," alisema Charlène. "Anawahishaka besi."

"Ni yeye," alisema Évariste, akauondoa mkono wake wa kushoto asimzuie.

Kati ya vibao hivyo yalitoka maji ya rangi ya udongo, yakadondoka sakafuni. Mapendo alikuja kutoka jikoni na kitambaa, akapangusa. Maji hayakukoma, akaleta beseni. Kisha alisimama akivitazama vibao mpaka wimbo ukaisha.

"Anasema nini?"

"Hasemi. Hii waya haibebake sauti. Inabeba tu kibao yenye anagusa, na nguvu yenye anagusia."

"Iko na nguvu?"

"Iko nayo."

Mapendo alirudi jikoni kwa sababu sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa karibu kuungua. Alihisi maumivu, lakini yalikuwa yale yale ya zamani, na mikono yake iliyajua. Iliendelea kukoroga.

Wiki iliyofuata alimwita mzee Jacques, baba mkubwa wa Elysée, kutoka Walungu. Mzee alifika kwa pikipiki, akavua kofia, akasikiliza nyimbo zote za mazoezi ya Jumamosi. Aliutambua mkono wa mtoto wao.

"Papa," alisema Mapendo, "sasa mutafungua kilio?"

Mzee aliigeuza kofia mikononi. Hakuwa mtu mbaya.

"Kilio ya nani, maman? Mutu anafika kwa répétition kila samedi, tena anafika kwa saa, tutamulilia namna gani? Batu batatucheka. Kuko babwana benye kuwa bazima na habatumake hata salamu. Weye shukuru."

Alikula, akafungiwa sambaza, dagaa wa ziwani, za kupeleka nyumbani, akaondoka. Tangu siku hiyo Mapendo alikuwa mjane zaidi kidogo moyoni, na machoni pa watu hakuwa mjane hata kidogo.

Jirani yao Bintu, aliyewahi kuuza chakula Kamituga, ndiye aliyeliinamisha beseni akaona vitu vinavyong'aa chini ya tope. "Hii ni dhahabu," alisema, na kwa kuwa Bintu hana kifua cha kuweka neno, habari ilifika Kamituga hata beseni halijaoshwa.

Apollinaire alikuja mwenyewe, Jumamosi, mazoezi yakiendelea. Alisalimia vizuri, akaulizia afya ya kila mtu, akakubali chai. Kisha akachovya kidole kwenye beseni, akakisugua na gumba.

"Hii maji ni ya shimo yangu. Najua rangi yake."

Mapendo aliiweka birika chini; mara ya kwanza tangu mvua zile, mtu alikuwa karibu kulisema.

"Shimo gani, papa PDG?"

"Ile yenye ilianguka."

"Na mutu mwenye iko analeta hii maji?"

Apollinaire aliitazama piano. Vibao vya chini vilikuwa vikishuka na kupanda mbele yake. Alimaliza chai.

"Mutu hakukuwa," alisema.

Afisa mmoja wa mambo ya machimbo aliitwa kuamua. Aliamua kwamba maji yanayotoka shimoni ni ya mwenye shimo, popote yatokeapo. Ama kuhusu Elysée, mtu aliyeko Shabunda hawezi kuwa Kamituga, sembuse Cimpunda. Évariste alitaka kubisha, lakini mwenye nguvu mpishe. Kila Jumatatu pikipiki ya Apollinaire ikawa inakuja na dumu tupu, inaondoka na dumu la maji.

Miezi ilipita hivyo. Kisha besi ikaanza kufifia. Charlène alipunguza sauti yake ili asimfunike. Évariste aliingia kwenye mipangilio ya piano, akachagua mguso mwepesi kuliko yote, ambao hata unyoya ungetoa sauti. Ilisaidia, halafu haikusaidia. Maji nayo yalipungua, na dumu likaanza kuondoka nusu.

Apollinaire alipiga simu.

"Maman Mapendo, maji imepunguka. Muambie apige na nguvu."

"Nimuambie nani?"

"Ule."

"Ule nani?"

Kwenye simu zilisikika nyundo zikiponda mawe.

"Ule mwenye iko anapiga."

"Jina yake?"

"Maman, miye sijui mambo ya muziki," alisema Apollinaire, akakata.

Jumamosi umeme ulikuja saa sita. Évariste alichomeka waya, Charlène akaingia, na mstari wa tatu ukatokea, sifuri. Vibao vya chini vilishuka nusu, vikashindwa, vikarudi juu. Mapendo alileta beseni, kisha akavuta kiti, akaketi upande wa kushoto. Hakuwahi kujifunza piano. Aliweka vidole vyake kwenye kila kibao kilichoanza kushuka, akakisindikiza mpaka chini, ili Elysée asichoke. Vibao vilikuwa baridi na vimelowa. Alifanya hivyo wimbo baada ya wimbo, na besi ikasikika vizuri, ikitangulia kidogo, na maji yakajaza beseni.

Jumatatu pikipiki ilikuja na dumu tupu, ikaondoka nalo limejaa.