Nduru ya Laini Saba

Habari hii nilipewa na Phanice, binti wa Musimbi, wiki ya Pasaka mwaka jana, tukichambua mboga ya mrenda mlangoni kwangu Gatwekera. Yeye alianza na sufuria, nami nitaanza hapo hapo.

Musimbi alikuwa na sufuria kubwa ya ugali, yenye tundu kwenye kitako. Ilikaa uvunguni mwa kitanda chake huko Kawangware miaka tisa, haipikiwi wala haitupwi. Na kila siku ikifika saa tisa mchana, iligongwa. Ko, ko, ko, kama fundi anayenyoosha bati. Musimbi akiinama kutazama, kimya. Akiinuka, ko, ko, ko. Phanice hakuwahi kusikia chochote. Aliona tu mama yake amesahau mboga jikoni mpaka zimeungua.

Zamani walikaa Laini Saba, mtaa wa mabanda kando ya reli. Siku moja Musimbi alikuwa anatoka kuteka maji, mtungi mgongoni, akamwona kijana asiyemjua anatoka mlangoni kwake na ile sufuria begani. Akapiga nduru. Mwizi! Na Laini Saba neno hilo halihitaji kusemwa mara mbili. Kijana hakukimbia. Aliweka sufuria chini, hakuutazama umati, akamtazama yeye, akasema, "Mama, nimetumwa. Uliza mzee wako."

Musimbi alisikia. Hapo ndipo penye shida yote. Alisikia vizuri, akakumbuka kwamba asubuhi Walubengo mumewe alikuwa amesema atamtafuta fundi wa kuziba lile tundu. Lakini watu walikuwa wamekuja mbio kwa ajili yake, wameacha kazi zao, mawe wameshaokota, naye akaona haya kuwaambia amekosea. Na chini ya haya kulikuwa na woga, wasije wakamgeukia yeye. Akafunga mdomo. Yaliyofuata Phanice hakunisimulia, nami sikumwuliza.

Jioni Walubengo aliuliza kama fundi alikuja. Akaonyeshwa sufuria. Hakuuliza neno lingine juu yake mpaka anakufa. Wiki hiyo hiyo wakahamia Kawangware.

Tangu hapo Musimbi alikaa akingoja kulipwa, maana husemwa malipo ni hapa hapa duniani. Walubengo alipofariki, alijiambia ndiyo hii. Lakini mzee alikuwa na ugonjwa wa kifua tangu ujana, kwa hiyo haikutosha. Phanice alipopita mtihani watu walikuja na vigelegele, na mama mtu akajifungia ndani, maana aliona Mungu anamnenepesha kama kuku wa Krismasi.

Kanisani kwao, kanisa la vilemba vyeupe, kila Ijumaa watu hutubu kwa sauti getini, mmoja mmoja, kabla hawajaingia. Musimbi hakukosa hata Ijumaa moja. Alitubu kusengenya, alitubu kumwagia jirani maji machafu, alitubu kusinzia kwenye maombi. Wenzake walimtania kwamba dhambi zake ni punje, mbona anazibeba kwa gunia? Alicheka nao. Zile ndogo alizirundika mbele ya ile kubwa, kama mtu anayepanga matofali mlangoni.

Ijumaa moja ya mwezi wa pili akaja mama mgeni, Seline, mtu wa upande wa ziwa, aliyehamia Kawangware kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Zamu yake ilipofika hakupaza sauti.

"Namchukia mtu nisiyemjua sura," alisema. "Alimpigia mwanangu Elvis nduru kule Laini Saba, akauawa mimi nikiwa nyumbani Homa Bay. Kila Ijumaa namsamehe. Kila Jumamosi naamka namchukia upya."

Aliyefuata kwenye mstari alikuwa Musimbi. Mchungaji Shivachi akamngoja. Musimbi akatubu kwamba amemkaripia binti yake.

Siku hiyo saa tisa sufuria haikugongwa. Wala Jumamosi. Wala Jumapili. Musimbi aliketi kitandani akisikiliza kimya hicho, na Phanice anasema hajawahi kumwona mtu akiogopa namna ile. Jumatatu alfajiri alimweleza bintiye kila kitu, akajitwika sufuria, wakaenda kwa Seline.

Seline alikuwa anachambua omena kwenye uteo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaichukua sufuria, akapitisha kidole kwenye tundu.

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Mama, nimetumwa.'"

"Na wewe ukasema nini?"

"Sikusema."

Seline akarudi kuchambua omena zake. Musimbi akapiga magoti. Akaambiwa ainuke, sakafu ina maji ya samaki. Akaomba msamaha, akajibiwa kwamba huo ni wa getini, Mungu mwenyewe ataupima.

"Mimi nataka nduru yangu," Seline alisema. "Hukuipiga hapa. Twende ukairudishe pale pale, kwa sauti ile ile."

Wakaenda kwa miguu hadi Laini Saba, wamama wawili wa vilemba vyeupe na Phanice nyuma. Nyumba yao ya zamani sasa ilikuwa ya kinyozi. Musimbi akaweka sufuria chini, akashika kichwa kwa mikono miwili.  Akapiga nduru.

"Uuuwi! Elvis hakuwa mwizi! Alikuwa ametumwa! Nilisikia nikanyamaza!"

Watu hawakusikia maneno. Walisikia nduru. Wakatoka kwenye vibanda, wachomeleaji na wenye mikokoteni, mawe ya reli tayari mkononi.

"Mathe, ako wapi huyo mwizi?" aliuliza kijana wa mbele.

"Ni mimi," Musimbi akasema.

Wakatazamana. Wakaiona sufuria. Yule kijana akamgeukia Seline, "Huyu amekuibia?"

Seline alinyamaza. Musimbi akautazama mdomo ule uliofungwa, akautambua. Ulikuwa mdomo wake mwenyewe. Mtu mmoja akahamisha jiwe kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia.  Musimbi alijiambia sasa malipo yamefika, wala hakukimbia.

"Ametumwa," Seline akasema mwishowe. "Ni mimi nimemtuma."

Vijana wakanung'unika kwamba wamama wa kanisa wanapotezea watu siku, wakadondosha mawe. Fundi viatu mmoja tu, mzee Ng'ang'a, aliyekuwapo siku ile ya Elvis, hakurudi kazini. Alivua kofia, akaitazama mikono yake pande zote mbili, kisha akaanza kufunga kibanda.

Seline akajitwika sufuria. Hakumkumbatia Musimbi, wala hakumlaani. Walipoachana Kawangware alisema tu kwamba Ijumaa atasimama nyuma yake kwenye mstari.

Ilipofika saa tisa Musimbi alikuwa amejilaza na viatu miguuni, watoto wa majirani wa ploti wakiruka kamba nje. Uvunguni hamkuwa na kitu. Ko, ko, ko. Safari hii Phanice naye alisikia. Naandika kama alivyoniapia. Alipotaka kuinama, mama yake akamshika mkono.

"Mwache azibe," alisema. Akageukia ukuta, na kabla fundi hajamaliza usingizi ukamchukua. Phanice akabaki sakafuni, mgongo kwenye kitanda, akihesabu kila pigo, mpaka kichwa kikamwangukia magotini, naye akalala.