Mguu wa Tano wa Ziska

Baba yangu alikuwa mhunzi wa kuwapigia farasi viatu, hapa hapa Bavaria, na jambo moja alinifunza kabla sijajua hata kusuka nywele zangu: farasi akipumzisha mguu wa nyuma, mwache, amechoka, akiutanguliza wa mbele, anaumwa. Basi siku nilipouona mchoro wa Bwana Trautner, nilishtuka.

Mchoraji yule alikuwa akimchora Ziska, farasi jike wa Kapteni von Rehlau, na mgongoni amekaa mume wangu Korbinian, aliyekuwa akimpandia kapteni farasi wake mashindanoni. Mimi kazi yangu kushika hatamu. Siku tisa nilisimama mbele ya pua ya Ziska, akinipekua mifuko akitafuta karoti, nisione kitu. Bwana Trautner hakujua lolote kuhusu farasi; alijua kutazama tu. "Mimi nachora kilichopo, bibie," ndilo neno lake. Na kilichopo pale kwenye turubai kilikuwa mguu wa mbele wa kushoto, umetangulizwa, kwato inagusa chini kwa ncha.

Kesho yake Korbinian alikuwa aruke viunzi na Ziska mbele ya kikosi kizima.

"Korbi, huyu hapandwi," nilimwambia. "Ataanguka nawe."

"Ah, na wewe Afra! Siku hizi unapiga ramli kwa rangi?" Alicheka, lakini hakunitazama usoni.

Nikajua. Alikuwa anajua siku zote, kila alfajiri anaufunga mguu ule vitambaa vya maji baridi, maana kapteni hakuwa mtu wa kuambiwa hapana. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hatamu zikanitoka mkononi.

Kapteni akaja kuitazama picha. "Nini hiki? Farasi wangu anaomba sadaka?"

"Bwana Kapteni, ni mgonjwa," nikasema. "Mkimbize juu ya mawe, utaona mwenyewe."

"Korbinian! Mkimbize. Hapo hapo kwenye majani."

Kwenye majani laini hata kiwete hucheza ngoma. Ziska akapita vizuri, kichwa juu.

"Mimi naona farasi mzima," kapteni akanigeukia. "Wewe unaona nini, mama karoti?" Wanaume wakaangua kicheko, na Korbi wangu, maskini, akacheka nao. "Trautner, unyooshe mguu huo."

Nilimkodolea macho mchoraji. Mtu wa kuchora kilichopo! Macho yake yaliniomba radhi huku mkono ukichovya brashi. Alipaka mara nne tano hivi, mguu ukapotea, na mahali pake ukasimama mwingine, wima, mzuri.

Asubuhi nilisimama na watazamaji kandokando ya uwanja. Kiunzi cha kwanza nilifumba macho. Cha pili nilimng'ang'ania mama mmoja nisiyemjua hata jina. Cha tatu Ziska alitua kwa mguu ule ule, ukavunjika, nikausikia. Korbinian alikuwa chini yake. Hawakumtoa akiwa hai.

Mjane hachagui jiko. Miaka ishirini nimempikia kapteni, na picha ile ameining'iniza ukumbini anamokula chakula. Wageni husimama mbele yake wakasifu, "Kweli tupu!" Mimi hutamani kuwapiga na sahani.

Lakini rangi ya mafuta ina tabia yake: ikizeeka huonyesha ndani kama kioo, ya chini ikachungulia. Majira ya baridi yaliyopita, nikipangusa vumbi, niliona ncha ya kwato. Baadaye goti. Nilikimbilia jikoni nikajifungia, nikalia, na sijui kama kilikuwa kilio cha hofu au cha kushukuru.

Jana mchana kapteni aliniita mezani. Amezeeka, supu imemwagikia kidevuni.

"Afra. Ule mguu, unauona?"

"Mguu upi, Bwana Kapteni?"

"Ule wa tano! Unatoka. Kila siku unatoka zaidi. Niambie unauona, Afra, nakusihi, nisije nikawa nimerukwa na akili."

Nikatazama. Ulikuwepo, waziwazi, wa kushoto, kwato inagusa chini kwa ncha. Na juu yake Korbi wangu, bado kijana.

"Mimi naona farasi mzima, Bwana," nikamwambia, nikamfuta supu kidevuni.