Kiti cha Kukalia Tu

Fundi seremala yule walimwita Mapambo, na jina lilimkaa. Ukimwagiza kibao cha kukatia vitunguu, alikuletea kibao chenye maua pembeni na tundu la kutungikia lenye umbo la moyo. Aliyemtania kuliko wote ni mkewe. "Huyu bwana," aliwaambia wateja, "mwachieni kijiti cha meno, atakitia droo."

Kisha mkewe akaanguka jikoni. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa ganzi, maneno yakampotea, likabaki moja tu: "Basi." Ukimlisha, basi. Ukimsalimu, basi. Ukimuuliza panapomuuma, anakutazama kwa jicho lililolowa, anasema basi.

Siku ya kutoka hospitali, muuguzi alimwambia fundi, "Baba, mama asilale muda wote. Mtengenezee kiti imara, chenye mgongo na mikono. Akikaa, kifua kitakuwa chepesi, na ngozi ya mgongo haitachubuka."

Fundi alirudi nyumbani moyo umemtulia kidogo. Dawa hakuzijua, na kumgeuza mgonjwa alikuwa akimgeuza kama aliyebeba kioo. Lakini kiti! Akaanza siku ileile. Ila aliposhika penseli, akaona kiti cha kawaida ni dharau. Mke aliyekula naye shida na raha, leo apewe kiti kama cha foleni ya kinyozi? Akabuni mgongo wa kulaza na kuinua. Akaongeza kimeza cha kukunja kwa mbele, na droo ya dawa ubavuni. Juu ya mgongo akaanza kuchonga mti wenye ndege.

Dada mkubwa wa mgonjwa, fundi cherehani, alikuwa amehamia pale kuuguza. Kila akipita karakana alisimama mlangoni.

"Shemeji, kiti vipi?"

"Bado bawaba."

Siku nyingine tena: "Shemeji, kiti?"

"Bado ndege wa pili."

"Mgonjwa anataka kukaa, shemeji. Hataki kuruka."

Fundi alicheka, akaendelea kupiga msasa. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa kumaliza. Kiti kikiisha, atabaki chumbani mikono mitupu, akiutazama mdomo uliopinda, asijue la kufanya.

Asubuhi moja shemeji alimwita. Alikuwa amemgeuza mgonjwa ubavu, akafunua kanga. Chini ya kiuno palikuwa na kidonda kama kifuniko cha soda, chekundu, katikati kimeanza kuwa cheusi.

"Tazama, shemeji."

Alitazama. Akarudi karakana kukimalizia kiti.

Jioni ile kiti kikaingizwa chumbani. Wakamwinua wawili, wakamkalisha. Akakaa kweli, na fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu balaa lianze. Mara mgonjwa akaegemea upande mmoja. Komeo lililoshika mgongo wa kiti likateleza, mgongo ukaanguka nyuma, kimeza kikanyanyuka na kumbana kifuani.

"Basi! Basi! Basi!"

Safari hii hakuna aliyehitaji kuuliza maana yake. Shemeji alikivunja kimeza kwa mikono yake. Fundi alisimama tu, ameshika bisibisi, kama mgeni aliyepotea nyumba.

Kesho yake alichukua mabaki ya mbao: miguu minne, kikalio, mgongo, mikono miwili. Hakuchonga hata mstari. Kabla jua halijawa kali kiti kilikuwa tayari, na shemeji akakishonea mto. Wakamkalisha karibu na dirisha. Akatulia wima, hakuyumba.

"Hiki ndicho kiti," shemeji alisema, akaenda kufua.

Lakini muuguzi alipokuja kusafisha kidonda, alikibonyeza pembeni kwa kidole. "Kimeingia ndani, baba. Tungewahi." Akafunga bandeji.

Fundi akabaki na mkewe. Mguu wa kulia wa mgonjwa ulikuwa unateleza mbele, taratibu, kisigino kikikwaruza sakafu. Akaurudisha. Ukateleza tena. Papo hapo akaona akilini kibao cha kuukanyagia. Kisha kibao chenye mfuo wa kisigino. Kisha chenye skrubu ya kupandisha na kushusha. Mkono ulikwishafika sikioni kutafuta penseli.

Akauteremsha. Akaketi sakafuni, akaushika mguu kwa mikono miwili. Ulikuwa wa baridi. Aliukanda, akamtazama usoni apate kujua kama anamfariji au anamuumiza, na uso haukumwambia kitu. Alikuwa bado anaukanda shemeji aliporudi na kuuliza kama sasa wamlaze, naye akamtazama tena mkewe usoni.