Boriti Tatu za Siraji

Siraji, mtoto wa shangazi yangu, ana mkono mzuri wa kuchora na kichwa cha kumtia mtu wazimu. Ndiye aliyechora msikiti wetu mpya wa Koboko, pamoja na ile roshani ya wanawake ambayo mama yangu na wenzake wameingoja tangu nikiwa msichana, wakisali nje chini ya turubai, mvua ikiwapiga migongoni. Kazi yangu, mimi Medina, mhandisi mwenye ofisi Arua, ilikuwa kuchukua mchoro wake na kuuingiza kwenye programu inayopima kama jengo litasimama au litatuangukia.

Kuingiza! Neno dogo, mateso makubwa. Mara ya kwanza programu ilisoma milimita kama mita, ikanionyesha msikiti unaoanzia ofisini kwangu, unavuka Pajulu na bado unaendelea. Mara ya pili nguzo zilining'inia hewani, maana Siraji hafikishi mstari. Huuacha karibu na mwenzake, kama mtu anayekwambia yuko njiani na hajatoka kitandani. Nikaunganisha mstari mmoja mmoja huku namtukana kimoyomoyo. Hatimaye programu ikakubali, na roshani ikatoka imara ajabu, haipindi hata kidogo. Nikatuma ujumbe Koboko nondo zikatwe.

Siku moja kabla ya kumwaga zege nilitaka kujaribu jambo, nikafuta boriti moja ya roshani. Ikabaki palepale. Nikafuta tena. Bado ipo. Mara ya tatu ndipo ikaondoka. Siraji alikuwa amechora kila boriti ya roshani mara tatu, mstari juu ya mstari. Kwa macho unaona mmoja, lakini programu ilihesabu boriti tatu zinazosaidiana mzigo. Na kule Koboko walikuwa wanajenga moja.

Nikampigia simu. "Siraji, kwa nini ulichora boriti mara tatu?"

"Dada, ile iko mstari ya maana. Haji Fadhul macho yake haioni muzuri. Mimi narudilia ndiyo itoke nyeusi."

"Hiyo ni ya karatasi, Siraji! Kompyuta iko na wino wapi?"

"Mukono imezoea," akasema, bila hata haya.

Nilifika Koboko kabla ya adhuhuri, hasira zikinitangulia. Mbao za kushikilia zege zilikuwa zimesimamishwa, nondo zimelala ndani tayari. Mama na wenzake walikuwa uani, wanatazama juu na kugombania nani atakaa wapi. Hapo ndipo iliponiuma. Haji Fadhul, mwenyekiti wa ujenzi, alikuwa amewabembeleza wazee wenzake muda mrefu wakubali mhandisi mwanamke. Nikisimamisha kazi watasema, si tulisema? Nikinyamaza, roshani itawaangukia wanaume wakiwa wamesujudu, na mama yangu akiwa juu yake.

"Haji, zege isimwagwe," nikasema.

"Kompyuta si ilisema iko sawa?"

"Ilihesabu boriti tatu, Haji. Siraji alirudilia mstari. Sisi tunajenga moja tu."

Akamtazama Siraji, aliyesimama kando akichunguza viatu vyake. Kisha akanitazama mimi.

"Kompyuta ilikubali tatu?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi jenga tatu."

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba uhandisi hauendi hivyo. Kisha nikaona heri nipime kwanza. Nikaketi juu ya mfuko wa saruji, nikawasha kompyuta, nikaziweka boriti tatu bega kwa bega zimwagwe kama moja pana. Nikakokotoa, nikarudia kwa kalamu. Ikabeba, na nguzo nazo zikakubali. Nilikasirika mpaka nikataka kulia.

"Na nondo ya kuongeza itatoka wapi?" nikauliza, nikitafuta angalau pa kumshinda.

Haji akageukia rundo lililoegemea ukuta. Zilikuwa nondo za mnara, alizozilinda mwaka mzima, hata kuku akitua juu yake anafukuzwa.

"Mnara itangoja," akasema. "Adhana mimi nitaita hapa chini. Sauti yangu bado inafika Dranya."

Haifiki hata sokoni, lakini hakuna aliyecheka. Akawaita mafundi wazibebe, yeye mwenyewe akisimama kando, mkono mmoja ukutani.

Mama alikuwa amesikia yote. Akanijia akifuta mikono kwenye leso.

"Hii kazi itachukua siku ngapi tena?"

"Wiki moja, Mama. Labda na zaidi."

"Mvua inatujua. Wiki moja si kitu." Kisha akamshika Siraji sikio, mwanamume mzima mwenye ndevu, akamvuta mpaka kando yangu. "Lakini siku ya kwanza mutapanda nyinyi wawili peke yenu. Mutarukaruka pale juu. Sisi tunaangalia kutoka kwa turubai."