Sekunde Nane za Golbahar

Kwa miaka ishirini na miwili Mahrokh aliimba hadharani bila kumaliza mstari hata mmoja peke yake. Hakuwa na kasoro ya sauti. Ndivyo kazi ilivyofanyika.

Alizaliwa Isfahan, Iran, mwaka 1968. Alipofikisha miaka kumi na mitatu alianza kujifunza avaz, uimbaji wa Kiajemi usiofuata mdundo, ambamo mwimbaji hulivuta shairi la kale mstari kwa mstari na kinanda cha nyuzi nne, setar, kikamjibu. Mwalimu wake hakuandika chochote. Aliimba kipande, mwanafunzi akakirudia, na kisipokuwa sawa walikianza upya wiki iliyofuata. Ilichukua miaka tisa. Mwisho wake Mahrokh alikuwa nacho kichwani kila kitu alichokuwa nacho mwalimu, na hakuwa na mahali pa kukitolea, kwa sababu kisheria mwanamke hakuruhusiwa kuimba peke yake mbele ya wanaume. Wawili waliweza kupata kibali.

Wa pili alikuwa Golbahar, mwalimu wa hisabati mwenye sauti nzito. Kazi yake ilikuwa kukaa chini ya sauti ya Mahrokh kama bitana chini ya kitambaa, ili ofisa wa vibali aliyeketi safu ya mbele asiweze kusema amemsikia mwanamke mmoja. Waligawana pumzi. Mahrokh aliupandisha mstari hadi kileleni, akanyamaza avute hewa, na hapo Golbahar akaushusha mpaka mwisho. Waliozoea kuwasikiliza walisema ni sauti moja isiyochoka.

Mwaka 2017 Mahrokh alihamia Birmingham kumfuata binti yake. Golbahar, aliyejua hesabu, alikuwa ameshaipiga hii kabla ya mwenzake kufunga masanduku: wawili walikuwa halali, mmoja hakuwa. Tangu wiki ile hakuimba tena mbele ya watu. Mahrokh naye hakuimba, ingawa huku hapakuwa na wa kumkataza. Walipigiana simu kila Ijumaa na kuzungumza juu ya magoti, wajukuu na bei ya nyama.

Mahrokh alipata kazi katika chumba cha kufulia cha nyumba moja ya kutunzia wazee huko Kingstanding. Aliyefanya naye kazi ni Lucie, mwenyeji wa Bukavu, ambaye Jumapili aliongoza kwaya ya kanisa la Wakongo kule Newtown. Walizungumza Kiingereza, kila mmoja kwa namna alivyojifunza ukubwani. Siku moja mwezi Agosti, wakikunja mashuka, Mahrokh alianza kuvumisha kitu puani bila kujua. Lucie aliacha kukunja. Akauliza ni nini, tangu lini, na kwa nini alikuwa amefichwa kitu hicho miaka sita. Mahrokh alimweleza yote kwa mpangilio, kama mtu anayejaza fomu.

Lucie hakuwa mtu wa kukaa na habari. Alimpelekea Kulwinder, Singasinga mzaliwa wa Nakuru aliyesimamia ukumbi wa jamii huko Longbridge na kuandaa onyesho la muziki kila mwezi. Kulwinder alitoa Jumamosi moja ya Oktoba, saa nane u nusu mchana. Mpiga setar alipatikana Walsall. Alikuwa daktari wa meno.

Kosa lilifanyika katika mazoezi ya kwanza. Mahrokh alipanda na mstari, akafika kileleni, akanyamaza kuvuta hewa kama alivyozoea, na Lucie, aliyekuwa ameketi nyuma na koti lake mapajani, akaupokea mstari na kuushusha. Hakujua neno hata moja la Kiajemi. Aliuimba kwa irabu tupu. Lakini tuni alikuwa ameisikia wiki tatu juu ya mashuka, na aliishusha bila kosa.

Kulwinder alicheka. Alisema kwa Kiswahili, "Nyinyi Wakongo, mtu akipiga chafya mnamwitikia kwa sauti nne."

"Na ninyi Wakenya, Papa, mutamulipisha ku mulango kwanza," Lucie akamjibu.

Mahrokh hakucheka. Alikuwa ameimba vizuri kuliko alivyotarajia, na alijua sababu.

"Umeimba mahali pa Golbahar," alimwambia Lucie. "Siku yenyewe usinisaidie."

"Hata ukianguka?"

"Hata nikianguka. Nina miaka hamsini na sita na sauti ya juu inaniaga. Nataka kuufikisha mstari mwisho peke yangu, wanaume wameketi pale. Mara moja."

Lucie alikubali, lakini hakulala vizuri. Kwao mwimbaji hakuachwa bila kupokewa. Aliwahi kuona Bukavu kwaya ikikataa kumpokea mwanamke kwa sababu ya ugomvi. Yule mama alisimama, sauti yake ikining'inia hewani, akaketi, na hakurudi kanisani humo tena. Sasa alikuwa ameombwa kumfanyia rafiki yake vivyo hivyo, kwa heshima.

Kwa wiki sita Mahrokh alijifunza kupumua upya. Shairi lilikuwa na mistari sita. Katika kila mmoja alitafuta mahali pengine pa kuiba hewa, mapema, baada ya neno fupi, ili kifua kibaki na akiba ya kushukia. Aliimba huku mashine zikizunguka. Mwanzoni alikatika njiani kila mara. Wiki ya tano alifika mwisho mara saba kati ya kumi. Golbahar hakuambiwa.

Jumamosi ile walikuja watu sabini na mmoja, karibu nusu yao wanaume. Kwaya nzima ya Newtown ilikuwepo, na Lucie alikuwa amewaonya, mmoja mmoja, kwamba atakayefungua mdomo ataondolewa kwenye orodha ya Krismasi. Mwenyewe aliketi safu ya pili na kujifunga kitenge mara mbili mabegani.

Mstari wa kwanza ulipanda, ukageuka, ukashuka mpaka chini. Sauti ilikwaruza kidogo mwishoni, lakini ilifika. Setar ilijibu. Wa pili ulifika. Wa tatu, wa nne. Katika wa tano mzee mmoja wa Kiirani alivua miwani na hakuivaa tena.

Wa sita ulipanda kuliko yote. Kileleni, Mahrokh akanyamaza.

Daktari wa meno aliinua kidole juu ya nyuzi, akakirudisha. Kulwinder, karibu na mitambo, aliinama mbele. Lucie alimtazama mbavu, kama alivyowatazama wanakwaya wake, akaona hewa ilikuwa imebaki tele. Hakuwa amekatika. Alikuwa amesimama, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto, alikokuwa akikaa mwenzake. Lucie alikishika kitenge mdomoni kwa mikono miwili. Kisha Mahrokh akauchukua mstari, si pale alipouachia bali chini kabisa, kwenye noti ya mwisho, akaimaliza.

Wakati watu wakinywa chai Kulwinder alimvuta Lucie pembeni. "Lucie, alisahau? Nimerekodi yote. Ile nafasi naweza kuikata, mtu hatajua. Ni sekunde nane tu."

"Usikate, Papa. Ile nafasi iko na mwenyewe."

Baadaye jikoni, wakiosha vikombe, Lucie aliuliza kwa nini, na Mahrokh akamjibu akiendelea kusuuza kwamba mistari mitano ilimtosha kujua anaweza. Aliomba nakala ya ile rekodi, nzima. Usiku uleule aliituma Isfahan bila kuandika chochote.

Ijumaa ilifika na simu haikupigwa. Jumatatu Mahrokh alikunja mashuka kwa kasi isiyo ya lazima na kusema kwamba pengine amemuumiza Golbahar: kumwonyesha mtu aliyenyamazishwa mahali pake patupu si zawadi. Lucie hakubisha. Alisema mtu akipokea barua nzito huiweka kwanza.

Jumatano saa nne asubuhi simu ilitikisika juu ya rundo la taulo. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka Isfahan. Haukuwa na salamu wala neno. Karibu na alama ya kuucheza palikuwa na urefu wake, nao ulikuwa sekunde nane.

Mahrokh aliifuta mikono kwenye aproni, upande huu na upande ule. Lucie alikwenda kwenye mashine ya kukaushia, akaizima kabla haijamaliza, akafunga mlango wa korido. Ngoma ya mashine ilizunguka mara chache zaidi, polepole, ikasimama.

Mahrokh alivuta pumzi, akaupandisha mstari wa sita hadi kileleni, na hapo akabonyeza.